Oktoba ya Hadithi za Kutisha: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Ninaishi Massachusetts, kaskazini-mashariki mwa Marekani, na ninaandika hadithi za kutisha kwa Kiswahili. Kila mwaka mwezi wa Oktoba nauweka kando kwa kazi hiyo: kusoma, kutazama filamu, na kukitoa kitabu nilichokiandaa. Maswali hunijia kutoka Dar es Salaam, Mombasa, Bujumbura na kwa wenzetu walioko huku ughaibuni. Haya ndiyo yanayorudi kila mwaka.

Kwa nini Oktoba?

Kwa sababu ya giza. Mtu wa Tanga au Kisumu amezoea jua linalozama karibu saa ile ile mwaka mzima. Huku siku inafupika unaiona. Ikifika tarehe 31, jua la Boston limeshazama kabla ya saa kumi na mbili jioni, na miti iliyokuwa kijani mwezi uliopita inamwaga majani mekundu barabarani. Tarehe hiyo ndiyo Halloween, mkesha wa Sikukuu ya Watakatifu Wote. Wahamiaji wa Ireland na Scotland waliileta Marekani katika karne ya 19. Kwao walikuwa wakichonga taa kwenye tanipu, mboga ya mizizi; huku wakakuta maboga, makubwa na rahisi zaidi kuchonga. Nyuma yake kuna sikukuu ya kale ya Wakelti, wenyeji wa zamani wa nchi hizo, iitwayo Samhain, ya kufunga mavuno na kuukaribisha msimu wa baridi, wakati ambao iliaminika kwamba walio hai na waliokufa husogeleana.

Hali ya hewa ina mkono katika hadithi hizi kuliko tunavyodhani. Aprili 1815 mlima Tambora, katika kisiwa cha Sumbawa huko Indonesia, ulilipuka na kurusha majivu angani kiasi kwamba mwaka uliofuata Ulaya haikupata kiangazi cha maana. Mwandishi Mwingereza Mary Shelley, akiwa na miaka 18, alijikuta amefungiwa ndani na mvua kando ya Ziwa Geneva pamoja na wenzake, na mwenyeji wao, mshairi Byron, akapendekeza kila mmoja atunge hadithi ya mizimu. Ndipo ilipoanza riwaya yake, Frankenstein, iliyotoka London tarehe 1 Januari 1818, nakala 500, bila jina la mwandishi.

Kwa hiyo walioko nyumbani hawahitaji Halloween. Mvua za vuli zinaanza huko wakati huu huu. Usiku wa mvua ya bati, umeme umekatika, ni Oktoba tosha.

Unasoma nini, na kwa mpango gani?

Riwaya moja ndefu ya zamani, hadithi fupi nyingi, na kila wiki kitu kimoja cha Kiswahili. Riwaya naisoma polepole, kalamu mkononi. Hadithi fupi nazisoma mara mbili: usiku kwa kuogopa, asubuhi kwa kutafuta ni sentensi gani iliyonitisha. Asubuhi hiyo ndiyo shule. Karibu kila mara nagundua kwamba sentensi yenyewe haina damu wala jino. Ni mlango uliokuwa umefungwa mwanzoni mwa ukurasa, na sasa mwandishi anautaja uko wazi, kisha anaendelea na mambo mengine.

Kama muda wako ni wa hadithi moja tu, tafuta The Lottery, ile fupi ya Shirley Jackson iliyotoka katika jarida la The New Yorker Juni 1948, kuhusu kijiji kinachokusanyika kupiga kura ya kuokota vikaratasi. Jua linawaka, watoto wanaokota mawe, wanaume wanazungumzia mvua na matrekta. Wasomaji wengi waliandika barua za hasira. Hakuna jini ndani yake, wala usiku, na bado inatisha kuliko makaburi yote.

Kwani Kiswahili kina hadithi za kutisha za kutosha?

Swali hili linaniuma, kwa sababu wanaoliuliza wamelelewa na bibi waliowasimulia mazimwi.

Edward Steere alikusanya ngano za Unguja na kuzichapisha London mwaka 1870. Humo mna ile ya Sultani Majinuni na paka wake. Paka anakamata ndama; watu wanamwendea sultani, naye anajibu kwamba paka ni wake na ndama ni wake. Mnyama anapanda ngazi: mbuzi, ng'ombe, punda, ngamia. Jibu ni lile lile. Anakula mtoto wa mtu. Jibu ni lile lile. Siku anapowala watoto wa sultani mwenyewe ndipo mfalme anapokiri kwamba huyu si paka tena, ni nunda mla watu. Kisha mwana mdogo wa mwisho wa sultani anaingia porini kumtafuta, na kila mnyama anayemuua na kumburuta hadi nyumbani, mama yake anamjibu kwa wimbo kwamba siye.

Tazama ufundi uliomo. Jibu moja linarudiwa, na kila linaporudiwa linazidi kuoza. Anayetisha si paka peke yake. Ni mwenye mamlaka anayeona na kukataa kuona. Wimbo wa mama unamrudisha msikilizaji porini kila mara akidhani hadithi imekwisha. Mwandishi wa leo akiufahamu muundo huo vizuri, anaweza kuuhamishia kwenye ghorofa la Kariakoo, au kambi ya machimbo ya Geita, bila kubadilisha mfupa hata mmoja.

Ongeza riwaya ya Muhammed Said Abdulla, Mzimu wa Watu wa Kale, iliyotoka mwaka 1960 baada ya kushinda shindano la uandishi la Afrika Mashariki. Ni ya upelelezi, na Bwana Msa wake ni mtu wa kutumia akili. Lakini isome uone jinsi mahali panavyoweza kubeba hofu hata pale mwandishi anapokusudia kuikata kwa mantiki. Kwa filamu, Mussa Banzi alitengeneza Nsyuka nchini Tanzania mwanzoni mwa miaka ya 2000, akachota kutoka kwenye imani za kwetu.

Msukule na zombi si kitu kimoja?

Wanafanana kwa baba, si kwa mtoto. Zombi wa Haiti, nchi iliyozaliwa katika mashamba ya utumwa, ni maiti aliyefufuliwa na mchawi ili afanye kazi bila ujira na bila utashi. Msukule wetu ni yule yule: wafiwa wanazika wanachodhani ni ndugu yao, kumbe ndani ya sanda mna mgomba, na mwenyewe analima usiku kwenye shamba la mtu. Zombi wa filamu za Marekani aliachana na ukoo huo mwaka 1968, mwongozaji George Romero alipowapa wafu njaa na kuwaondolea bwana katika Night of the Living Dead.

Mwandishi wa Kiswahili anayeandika msukule anayekimbiza watu na kuwang'ata ametupa hazina. Msukule ana mwenye shamba. Mtu fulani mtaani anakula jasho lake, na huenda alikaa mstari wa mbele kwenye maziko. Hapo ndipo pa kuandikia.

Nianze na filamu zipi?

Anza na zilizotengenezwa na watu wasio na fedha. Ndizo zitakazokufaa ukitaka kuandika na kuchapisha mwenyewe, na hili ndilo ninaloamini kuliko yote katika fani hii: hofu ni bidhaa ambayo maskini anaweza kuizalisha sawasawa na tajiri, kwa sababu sehemu kubwa yake ni kile usichokionyesha.

Kwa filamu ile ya wafu, Romero na wenzake wa Pittsburgh walikuwa na dola zipatazo 114,000. Walipiga picha nyeusi na nyeupe, damu ikawa sharubati ya chokoleti, na karibu hadithi nzima ikakaa ndani ya nyumba moja ya shambani. Nyumba moja! Ufinyu wa mfuko ukageuka ufinyu wa mahali, na ufinyu wa mahali ndio unaomkaba mtazamaji.

John Carpenter, mwaka 1978, alipewa takriban dola 300,000 kutengeneza Halloween. Hadithi ni ya Oktoba katika mji mdogo wa Illinois, lakini walipigia picha California wakati wa masika, kwa hiyo majani makavu yalipakwa rangi, yakamwagwa barabarani, kisha yakaokotwa yatumike tena kwenye tukio linalofuata. Kinyago cha muuaji kilikuwa cha dukani, cha bei ya chini ya dola 2, sura ya nahodha wa kipindi cha televisheni. Wakakipaka rangi nyeupe na kupanua matundu ya macho. Muziki alitunga Carpenter mwenyewe. Filamu ikaingiza zaidi ya dola milioni 40 Marekani peke yake. Itazame kwa jicho la fundi uhesabu mara ngapi muuaji anasimama tu, mbali, mchana, pembeni mwa picha, na kamera haimkimbilii.

Baada ya hizo mbili rudi hadi 1922, kwa mwongozaji Mjerumani Murnau na Nosferatu, mnyonya damu wake wa filamu bubu. Ni fupi, haina mazungumzo ya kukuchanganya, na kivuli kinachopanda ngazi mle ndani bado hakijapata mshindani. Nitairudia hapo chini kwa sababu ya kesi yake.

Nikitazama silali. Nifanye nini?

Tazama mchana, na zima sauti pale unapozidiwa. Sauti ndiyo inayobeba zaidi ya nusu ya mzigo. Wala huna deni la kumaliza filamu yoyote.

Watoto je?

Ngano za mazimwi, ndiyo, mtu mzima akisimulia kwa mdomo na akiangalia uso wa mtoto. Filamu za watu wazima, hapana, hata akisema haogopi.

Dada, hii si dhambi? Unacheza na majini.

Naheshimu anayeniuliza hivi, na kwa kawaida ananiuliza kwa upendo. Simwiti mtu yeyote kwenye jambo ambalo dhamiri yake imelikataa. Kwangu mimi, kusoma na kutunga hadithi hakuna uganga ndani yake: sifukizi ubani, simpandishi mtu mashetani kichwani, sitafuti tiba kwa pepo. Majini wametajwa katika Qurani, mapepo wametajwa katika Injili, na wazee wa dini zote mbili wamesimulia habari zao ili watu wajihadhari. Familia nyingi za Waswahili huku hazishiriki Halloween hata kidogo, watoto wao hawaendi kugonga milango ya majirani kuomba pipi, na wanasoma Oktoba nzima pamoja nami. Sioni mgongano.

Kwa nini unakataa kuandika kuhusu vikongwe wachawi?

Naomba msomaji atulie hapa kidogo.

Mji wa Salem hauko mbali na ninapoishi. Kila Oktoba unafurika wageni waliovaa kofia zenye ncha, na barabara hazipitiki kwa magari. Mwaka 1692 watu 19 walinyongwa hapo kwa kuhukumiwa uchawi, 14 wao wanawake, na mzee mmoja akafa akigandamizwa kwa mawe kwa sababu alikataa kujibu shitaka. Rebecca Nurse alikuwa bibi wa miaka 71, asiyesikia vizuri. Mwanamke wa mwisho ambaye hukumu yake ilikuwa haijafutwa, Elizabeth Johnson, alisafishwa jina na bunge la Massachusetts mwaka 2022. Zilipita zaidi ya karne tatu.

Sasa vuka bahari. Shinyanga, Mwanza na Geita, wanawake wazee wamekatwa mapanga kwa sababu macho yao ni mekundu, na macho yamekuwa mekundu kwa moshi wa miaka mingi jikoni. Kilifi, wazee wameuawa kwa jina la uchawi huku nyuma ya tuhuma kukiwa na shamba la kurithi. Watu wenye ualbino wamewindwa kwa ajili ya viungo vyao. Wageni wanaopiga picha Salem wanatazama jambo lililokwisha. Msomaji wangu wa Kahama anaweza kuwa jirani wa bibi ambaye jina lake limeshaanza kunong'onwa.

Kwa hiyo kikongwe mwenye macho mekundu haingii kwenye hadithi yangu kama mchawi. Akiingia, anaingia kama binadamu, na zimwi ni ule mnong'ono. Nimewaambia hivyo waandishi vijana wengi na wengine wamenijibu kwamba nabana ubunifu. Sikubaliani nao. Kuna mambo mengi ya kuogofya duniani, na mwandishi anayeweza kumtisha msomaji kwa kumtumia bibi wa watu peke yake hajatafuta vya kutosha.

Oktoba unaandika au unasoma tu?

Nasoma na kuandika madokezo. Kitabu kinachotoka Oktoba mswada wake ulifungwa muda mrefu nyuma, kwa sababu mhariri anahitaji muda, msanifu wa jalada anahitaji muda, na nakala ya majaribio lazima ifike mkononi, isomwe, irekebishwe, iagizwe tena. Anayeniandikia Septemba kwamba anataka kutoa kitabu Halloween ijayo namshauri afikirie Halloween ya mwaka unaofuata.

Kwa nini uchapishe mwenyewe? Si njia ya walioshindwa?

Mwaka 1827 kijana wa miaka 18 alichapisha Boston kijitabu cha mashairi cha kurasa 40, bila jina lake. Kwenye jalada palisomeka tu kwamba mtunzi ni Mwanaboston. Inaaminika zilichapwa nakala 50 hivi. Hakuna aliyeshtuka. Huyo alikuwa Edgar Allan Poe, bingwa wa hadithi za kutisha, na mwaka 2009 nakala moja ya kijitabu hicho iliuzwa mnadani kwa dola 662,500. Leo sanamu yake ya shaba imesimama karibu na bustani kuu ya jiji hilo, kunguru mkubwa akiruka mbele yake.

Sababu yangu ni nyepesi zaidi. Wachapishaji wengi wa vitabu vya Kiswahili wanaishi kwa vitabu vya shule, na hadithi ya msukule si rahisi kuingia kwenye mtaala. Siwalaumu, karatasi na wino vina bei. Lakini wasomaji wapo, na wananiandikia.

Inagharimu kiasi gani?

Inategemea nchi na urefu wa kitabu, ila mpangilio wa matumizi ni ule ule: kwanza mhariri, pili msomaji wa prufu, yaani anayesaka makosa ya chapa, tatu jalada. Usigeuze mpangilio huo.

Mwandishi Mwingereza Charles Dickens aliugeuza. Mwaka 1843 alilipia mwenyewe uchapaji wa A Christmas Carol, hadithi yake ya mizimu ya Krismasi. Akataka jalada la kitambaa chenye dhahabu, kurasa zenye kingo za dhahabu, picha zilizopakwa rangi kwa mkono, na bado akaamuru kiuzwe shilingi 5 ili watu wakimudu. Kilitoka tarehe 19 Desemba, na nakala 6,000 zikaisha kabla ya Krismasi. Alitarajia pauni 1,000. Alipata 230. Kitabu kilipendwa mno, na urembo ukala faida.

Kwa kitabu cha kutisha, jalada zuri ni picha moja na nafasi tupu ya kutosha. Liangalie likiwa dogo kama stempu kwenye simu yako. Kama jina halisomeki hapo, mrudishie msanifu.

Namba ya ISBN naipata wapi?

Hiyo ni namba inayotambulisha kitabu chako, na inategemea unakochapishia. Tanzania inatolewa na Bodi ya Huduma za Maktaba, Kenya na Huduma ya Maktaba za Kitaifa. Kanada ni bure kwa mkazi. Marekani inauzwa, na moja moja ni ghali kuliko kununua kumi kwa pamoja. Kila umbo la kitabu lina namba yake: jalada laini lina yake, jalada gumu lina yake. Amazon, duka la mtandaoni, hukupa ya bure kwa kitabu cha karatasi, lakini haitumiki kwingineko. Ukitaka kuuza pia Nairobi au Arusha, chukua ya kwako.

Amazon inalipa vipi?

Kwa kitabu cha kielektroniki, mrabaha, yaani sehemu ya mauzo inayokwenda kwa mwandishi, ni asilimia 35 au 70. Hiyo 70 inadai bei iwe kati ya dola 2.99 na 9.99, na mnunuzi awe katika nchi zilizomo kwenye orodha yao. Kitabu cha karatasi kinachapwa pale tu mtu anapoagiza, na gharama ya uchapaji inakatwa kwenye sehemu yako. Malipo huja kama miezi miwili baada ya mwisho wa mwezi wa mauzo. Kabla ya yote hayo, angalia orodha ya lugha wanazozipokea. Hubadilika, na usidhani lugha yetu imo bila kuhakikisha.

Mwandishi asiye mkazi wa Marekani anakatwa kodi ya asilimia 30 kwenye mrabaha wa mauzo ya Marekani, isipokuwa nchi yake ina mkataba wa kodi unaopunguza kiwango hicho. Tanzania na Kenya hazina. Liingize hilo kwenye hesabu kabla ya kupanga bei.

Hakimiliki nifanyeje?

Kazi yako inalindwa tangu ilipoandikwa. Ndivyo Mkataba wa Berne, mkataba wa kimataifa wa hakimiliki, unavyosema. Kuisajili kwenye ofisi ya hakimiliki, COSOTA kwa Tanzania au KECOBO kwa Kenya, kunakupa ushahidi siku ya ugomvi. Na andika tamko la hakimiliki ukurasa wa pili hata kama sheria ya leo hailidai. Filamu ile ya Romero ilibadilishwa jina dakika za mwisho, msambazaji akasahau kurudisha tamko kwenye kichwa kipya, na kwa sheria ya Marekani ya wakati huo ikawa mali ya umma papo hapo. Kila mtu aliiuza isipokuwa waliotoa jasho.

Upande wa pili wa shilingi ni Murnau. Kampuni yake ilichukua Dracula, riwaya ya Bram Stoker ya mwaka 1897, ikabadilisha majina, haikuomba ruhusa. Mjane wa Stoker alishitaki, na mwaka 1925 mahakama ya Ujerumani ikaamuru nakala zote ziteketezwe. Tunaitazama leo kwa kuwa nyingine zilikuwa zimeshavuka mipaka. Ukitaka kutumia hadithi ambayo hakimiliki yake haijaisha, mwombe mwenyewe au warithi wake.

Kitabu changu kimesambazwa PDF kwenye kundi la WhatsApp. Nishitaki?

Mwandikie kwanza mwenye kundi, kwa adabu na kwa jina lako kamili. Wengi hufuta na kuomba radhi, na baadhi hununua. Dickens aliwashitaki walioiba hadithi ile ya Krismasi wiki chache baada ya kutoka, akashinda, wao wakatangaza kufilisika, naye akabaki na gharama za kesi zipatazo pauni 700. Mahakama ni kwa anayechapa nakala yako na kuiuza kibiashara, na ana mali ya kulipia.

Utasoma mswada wangu?

Hadithi fupi, ndiyo, kuanzia Novemba, kurasa kumi za mwanzo. Iwe imeshasomwa na mtu mwingine kabla yangu, iwe ya Kiswahili, na iwe inatokea mahali unapopajua kiasi cha kuniambia mlango wa nyuma uko upande gani. Kama kuna mchawi, niambie kwenye barua ni nani anayemtuhumu, na atapata nini huyo akifa.